Nilitupa zawadi ya mama mkwe, sasa anataka niipike tena kwa nazi

Anti, shikamoo.

Mimi ni binti wa Tanga, nina miaka 31, na huu ni mwaka wangu wa nne Torino, kaskazini mwa Italia. Mume wangu ni mwenyeji wa huku. Tulijuana alipokuwa na kazi Pangani, akasilimu, tukafunga ndoa mbele ya wazee, mambo yakaenda kwa heri. Sina shida naye. Shida yangu ni uyoga.

Usicheke kwanza, nisikilize.

Huku joto likianza kukatika na majani kugeuka rangi, watu wa mjini hushikwa na hamu ya shamba. Kila Jumapili kuna kijiji kinachosherehekea kilichovunwa: mara zabibu, mara maboga, mara zile kokwa za nocciola zinazosagwa kutengenezea Nutella. Sherehe kubwa kuliko zote ni ya Alba, mji mdogo ulio mwendo wa saa moja na kitu kwa treni kutoka kwetu. Kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Desemba, Jumamosi na Jumapili, pale huuzwa tartufo nyeupe. Kama hujawahi kuiona, ni uyoga unaoishi chini ya ardhi na hauchomozi kabisa. Kwa sura utadhani kiazi mbatata kilichodumaa, au tangawizi iliyokatwa vidole.

Mama mkwe wangu ni mjane, mama mpole, na ananipenda kuliko ninavyostahili. Novemba iliyopita alituchukua mimi na mume wangu tukaenda. Kuingia tu sokoni, harufu ilinipokea mlangoni kama mdai. Nikageuka kutazama ni jiko gani linalovuja gesi. Wenzangu wote wanavuta pumzi, wanafumba macho, wanasema aaah. Mama mkwe akaanza kunusa moja moja. Kwetu mwanamke akimnusa samaki namna ile ni kwa kumtilia shaka. Yeye alinusa kwa mahaba. Mwisho akachagua moja, gramu 40, ndogo kuliko ndimu, akatoa euro 160.

Anti, tangu nifike huku nina ugonjwa wa kubadilisha kila bei kuwa shilingi. Nikapiga hesabu pale pale: zaidi ya laki nne. Kwa uyoga! Bibi yangu mzaa mama kule Muheza alikuwa akienda kwenye vichuguu wakati wa masika anarudi na ungo umejaa, tunakula mpaka tunaususa. Na siku hiyo hiyo asubuhi mdogo wangu alikuwa amenitumia ujumbe wa ada.

Mama mkwe akanifungia vidole vyangu juu ya kile kikaratasi. Akasema, "Hii ni yako, mwanangu." Nikashukuru.

Jumatatu mume wangu akasafiri kikazi wiki nzima. Mimi nikaiweka friji, ndani ya chupa ya kioo kama nilivyoelekezwa. Jumatano nafungua friji, harufu ikanirukia. Mayai, siagi, maziwa, kila kitu kimeshika. Nikapika chai ya maziwa na iliki, nikaonja: kitunguu saumu na gesi. Nikasema hiki kimeoza. Nikakifunga kwenye mifuko miwili, chupa na vyote, nikashuka nacho mpaka kwenye pipa la taka, nikarudi nikasugua friji kwa siki.

Jumapili akapiga simu. "Mmeila?" Nikasema ndiyo, Mamma, tamu ajabu. "Umeipikaje?" Hapo ulimi ukateleza mpaka Tanga. Nikasema nimeipika kwa nazi.

Pakawa kimya. Kisha akacheka kidogo, akaniaga. Mume wangu aliporudi nikamwambia niliila na rafiki yangu wa Mombasa kwa kuogopa isiharibike, naye akauliza tu, "Hata kipande hukunibakizia?" Nikadhani yamekwisha. Kumbe kufika Desemba ukoo mzima una habari kwamba mke Mswahili amepika tartufo kwa nazi, na kila mtu anataka kujua inakuwaje.

Sasa mama mkwe ametangaza: Jumapili moja ya Oktoba tutakwenda Alba wote, yeye, dada yake, shemeji yangu na mkewe, na sisi wawili. Atanunua tartufo, turudi kwake, nipike "ile yako". Ameshanunua makopo mawili ya tui. Amenionyesha, ameyapanga kwenye kabati karibu na kahawa.

Nimefikiria kujifanya mgonjwa. Nimefikiria pia kusema dini yangu hainiruhusu, maana uyoga wenyewe unatafutwa na mbwa na kila meza kuna mvinyo. Lakini dini kuifanya pazia la uongo, moyo unanisuta. Na sijui hata kama kweli ina tatizo. Halafu, nikuambie ukweli, sitaki kuiona tena ile bei.

Nifanye nini, Anti?

Aliyetupa, Torino

*

Marahaba, mwanangu.

Nimecheka, nisamehe. Nilijizuia vizuri mpaka kwenye makopo ya tui karibu na kahawa, hapo nikashindwa.

Jibu lenyewe ni fupi: mwambie ukweli kabla ya safari, wewe na yeye peke yenu, halafu nenda Alba. Mume aambiwe kwanza, usiku wa kuamkia siku hiyo, pamoja na habari ya yule rafiki wa Mombasa ambaye hakula chochote. Lakini nikikuachia hapo utakwenda kuungama kitu usichokijua, na mama mkwe wako atakuuliza maswali. Kaa tuzungumze.

Tuanze na ulichokitupa. Hakikuwa kimeoza. Siku ya nne ndani ya chupa ndiyo kwanza kilikuwa kinakuita. Uyoga wa bibi yako wa Muheza unachomoza juu ya kichuguu, unafungua mwavuli wake, upepo unachukua mbegu zake ambazo ni kama vumbi, kazi imekwisha. Huu wa huko umejifungia chini ya udongo, hauoni upepo. Njia yake ya kusambaa ni moja: unukie mpaka mnyama aufukue, aule, aende akaziache mbegu mahali pengine. Kwa hiyo ukikomaa hutoa harufu nzito, na katika harufu hiyo mna salfa. Salfa hiyo hiyo ndiyo iliyomo kwenye kitunguu saumu, na ndiyo iliyomo kwenye dawa wanayotia kwenye gesi ya kupikia, kwa kuwa gesi yenyewe haina harufu na wanataka ikivuja ujue. Pua yako haikukudanganya hata kidogo. Ilisema kitunguu saumu, ikasema gesi, na yote mawili yamo. Aliyekosea ni aliyetoa hukumu.

Na yale mayai na maziwa, ah. Tartufo hupenda mafuta, harufu yake hung'ang'ania humo. Wenyeji huweka mayai mabichi kwa makusudi ndani ya chupa moja na tartufo, siku moja au mbili, harufu ipenye ganda, wapate mayai ya tartufo hata kabla ya kuikata. Siagi vilevile. Kwa hiyo, mwanangu, ile chai ya iliki uliyoimwaga, kuna watu wangeilipia. Mayai uliyatupa pia? Usinijibu.

Mimi mwenyewe sina pa kukuchekea. Nilipokaribishwa mara ya kwanza kwenye vilima vya Langhe, ambavyo Alba iko katikati yake, nilipewa kipande nisaidie jikoni. Nikakikata vizuri kama karoti, nikakitia kwenye sosi inayochemka. Mwenyeji wangu alishika kichwa kwa mikono miwili. Hakugomba. Alizima jiko, akasogeza sufuria, akakaa chini kidogo. Ndipo nilipojifunza kwamba nyeupe haipikwi. Huletwa mezani mbichi, na kijichombo chenye wembe mmoja, inakunwa juu ya chakula cha moto ambacho kiko tayari kwenye sahani, vipande vyembamba hata mwanga unapita. Joto la chakula huiamsha, moto wa jiko huiua.

Sasa rudi kwenye simu yako ya ile Jumapili. Ulimwambia mama wa Piemonte, mkoa wenu huo wa Torino na Alba, kwamba umeipika kwa nazi, akanyamaza. Unadhani kimya kile kilikuwa cha nini? Huyo ni mtu aliyekua anajua tangu utotoni kwamba tartufo haiingii kwenye sufuria. Aidha aliona umemharibia zawadi, au alihisi hukula kabisa. Mimi nadhani alihisi. Wala sitashangaa kama alijua tangu pale sokoni, alipoiona pua yako. Na bado amekwenda dukani, akanunua makopo mawili ya tui, akayaweka mahali ambapo mkono wake hufika kila asubuhi. Yuko tayari kununua tena kitu kile, akutazame ukikizamisha kwenye nazi mbele ya dada yake. Kwa mtu wa kule, kukubali hivyo si jambo dogo. Ningekuwa wewe, hayo makopo ndiyo yangeninyima usingizi, si zile euro 160.

Maana hata zawadi yenyewe ina lugha yake kule. Sherehe ile ya Alba ilianza 1929, na aliyeisukuma ni mwenye hoteli na mgahawa mmoja, Giacomo Morra. Alikuwa mtu wa kuijua biashara. Kila mwaka alichukua tartufo bora ya msimu akamtumia mtu mashuhuri: mwaka 1949 alimtumia mcheza filamu Rita Hayworth, mwaka 1951 akamtumia Truman, rais wa Marekani. Jina la Alba likazunguka dunia kwa zawadi. Kwa hiyo mtu wa kule akikufungia vidole juu ya kikaratasi kile, amekufanyia kile ambacho mji wake humfanyia rais. Wewe ukamwona ametoa laki nne.

Sikulaumu kwa hesabu hiyo. Wote tulioishi ugenini tunaijua, inakaa kichwani kama saa ya ukutani, na ujumbe wa ada ukiingia inagonga. Wala sitakudanganya kwamba euro 4 kwa gramu ni bei ya akili timamu. Lakini angalau ujue unalipia nini. Nyeupe haipandwi ikakubali kama mihogo. Inajishikiza kwenye mizizi ya mialoni, mipopla, milindeni, inaupa mti maji na madini, mti unaipa sukari, na wapi itaota inajua yenyewe. Mwaka wa ukame hupungua na bei hupaa, mwaka wa mvua nzuri hushuka. Ikishatoka ardhini inaanza kukauka, kila siku inapungua uzito, na ndani ya wiki moja hivi utamu umekwisha. Hakuna ghala. Ile pesa hata kama mama mkwe asingeitoa pale, isingekwenda kwenye ada ya mdogo wako. Ada ipangie na mumeo, kwa bajeti yenu, kama jambo la nyumba yenu. Usimwingize mama wa watu kwenye deni asilolijua.

Habari ya dini. Mimi si sheikh, na ukiwa na shaka yupo imamu karibu yako, muulize. Ninachojua ni kwamba uyoga wa aina hii una heshima kwetu kuliko unavyodhani. Iko hadithi ya Mtume (s.a.w.), imo kwa Bukhari na Muslim, kwamba kam'a ni katika mann, kile chakula walichoteremshiwa Wana wa Israili, na maji yake ni tiba ya jicho. Kam'a ndiyo tartufo ya jangwani. Si aina moja na hiyo ya Alba, harufu yake ni ya upole zaidi, lakini maisha ni yale yale ya kujificha chini ya udongo. Waswahili wenzetu walioko Kuwait na Qatar wataijua kwa jina la faga: mvua za baridi zikishapiga, watu hutoka na magari kwenda jangwani kuitafuta, nao huinunua kwa bei ya kutoa jasho. Kwa hiyo usiseme dini inakukataza. Ungekuwa uongo wa pili, tena mbaya zaidi.

Na mbwa, nikueleze nilivyoona, kwa kuwa na mimi nilikuwa na wasiwasi huo huo. Wale watafutaji, kule huitwa trifolao, hupenda kwenda usiku, jirani asijue mti upi unazaa. Mzee niliyefuatana naye hakutaka hata kutuambia tuko kijiji gani. Mbwa wake alikuwa chotara mdogo wa rangi ya vumbi, anakwenda mbele pua chini. Ghafla akasimama chini ya mti, akaanza kukwangua. Mzee akakimbia, kwa miaka yake sikutegemea, akamsukuma mbwa kando kwa goti na kumpa kipande cha mkate mkavu mfukoni. Kumbe asipowahi, mbwa anaila yeye! Kisha akapiga magoti, akachimba kwa kijembe kidogo, akachota udongo kiganjani akaunusa, akachimba tena, akanusa tena. Mwisho aliacha kijembe akaingiza vidole, akaitoa taratibu kama mtu anayetoa mwiba. Halafu akalifukia shimo, akakanyaga juu, akatandaza majani, hata mimi niliyekuwepo nisingelipata tena. Hiyo ndiyo kazi iliyotiwa na UNESCO mwaka 2021 katika orodha ya urithi wa binadamu. Kwa hiyo mbwa kazi yake ni kuonyesha mahali, mkono wa mtu ndio unaotoa, na mezani huja imeshapigwa brashi na kuoshwa. Nguruwe, kama umesikia habari zao, Italia iliwapiga marufuku katika kazi hii tangu 1985, kwa vile walikuwa wanavuruga ardhi.

Mvinyo utauona kila kona, vilima vile ndiko unakotoka ule unaoitwa Barolo, hakuna atakayekushikia bilauri mdomoni. Uliza tu sosi imetiwa nini. Ile nyama mbichi ya kukatakata wanayoipenda ni ya ng'ombe, lakini kwa sababu ya uchinjaji utaipita. Kwako wewe pana tajarin, tambi nyembamba zinazokandwa kwa viini vya mayai mpaka ziwe njano kama embe, zikaja na siagi tupu. Na pana mayai ya kukaanga. Wajuzi wengi watakwambia hakuna mahali tartufo inapokaa vizuri kuliko juu ya yai la kukaanga ambalo kiini hakijashika.

Sasa namna ya kumwambia. Nenda siku ya kazi, si Jumapili ya familia. Kaanga mahamri asubuhi uende nayo ya moto, mkono mtupu haufai kwa ujumbe kama huo. Usizunguke na wala usianze na friji. Sema: Mamma, ile tartufo sikuila. Nilidhani imeoza, nikaitupa. Niliona haya, nikasema uongo, na uongo ukanishinda. Naomba unifundishe. Basi, nyamaza. Usitaje euro, na usijitolee kulipa, utamuumiza mara mbili. Akicheka, cheka naye. Akinuna, mwache anune, ana haki yake. Mezani hapo kaa, usikimbilie kuosha vyombo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wewe umeuficha uchi huu tangu Novemba, umezaa nini zaidi ya makopo mawili?

Na ukoo je? Hilo mwachie yeye. Atakayeamua kama dada yake aambiwe ni yeye, maana hadithi aliisambaza yeye. Nadhani ataifanya kichekesho cha nyumba, na utakisikia kila Krismasi mpaka uzeeke. Vumilia, ni bei nafuu.

Siku ya Alba shikamana naye. Mwombe akupe kila moja unayoshindwa kuielewa uinuse, kwa sababu hazinukii sawa: nyingine ina asali, nyingine nyasi zilizokatwa, nyingine imezidisha vitunguu saumu. Pale sokoni wapo wataalamu wanaozikagua kabla hazijapangwa mezani, kwa hiyo huendi kuibiwa kama ungenunua kwa mtu wa njiani. Hata hivyo ibonye kidogo kwa kidole gumba. Iwe imara, ikiwa inabonyea kama mpira imepita wakati, ikiwa ngumu kama jiwe imekauka. Udongo uwe umeshatolewa, maana udongo nao hupimwa kwenye mizani, na mashimo ya wadudu hujificha humo. Mtu mmoja anatosheka na gramu tano mpaka kumi, kwa hiyo watu sita mmeishia gramu 40 au 50, ile ile aliyokupa wewe mwaka jana peke yako. Umeona?

Toa na wewe chako. Si lazima kiwe kikubwa. Nunua hata keki ya nocciola ya baada ya chakula, au mayai mazuri ya shamba siku mbili kabla, umwambie utayaweka kwenye chupa ya tartufo yake. Atakuelewa papo hapo kwamba umesoma. Chupa za mafuta yaliyoandikwa tartufo zipite, usije ukaleta Tanga ukasema umeleta kitu; mengi yamenukizwa kwa dawa ya maabara, na ukishaizoea harufu hiyo utaiona ya kweli haina kitu.

Na kama safari yenu itaangukia Jumapili ya kwanza ya Oktoba, utapata na mbio za punda. Usidhani nakutania. Mwaka 1275 watu wa Asti, mji jirani, waliivamia Alba wakapiga mbio za farasi kando ya kuta zake kuwakejeli wenyeji. Kisasi kilikuja 1932: Alba wakaanzisha mbio zao, wakapanda punda. Wamevaa mavazi ya kifalme ya zamani, bendera zinapepea, na punda amesimama katikati ya uwanja hataki kwenda. Mtu wa Pwani aliyewahi kusikia mbio za punda za Lamu hawezi kukosa hiyo. Hapo utacheka mpaka usahau bei ya kila kitu.

Limebaki suala la makopo. Ukishaungama, hutalazimika kupika tartufo kwa nazi, lakini ningeona vibaya yarudi kabatini kama aibu. Mimi ningepika wali wa nazi, tui zito, chumvi tu, bila iliki wala mdalasini wala kitunguu. Uupakue wa moto, kidogo kidogo kwenye sahani pana, na yai la kukaanga juu. Kisha umpe mama mkwe wako kile kijichombo chenye wembe, akune yeye mwenyewe, kiasi anachotaka yeye. Mafuta ya tui nayo ni mafuta kama siagi, sioni kwa nini harufu isikae. Sijawahi kujaribu, nakuambia wazi, na nusu yangu inaogopa. Andaa na tajarin pembeni, endapo dada mtu atakunja uso.

Kisha niandikie. Tangu nisome barua yako nanusa nazi na tartufo kichwani, na sijapata jibu.

Anti